Chemchemi Niliyoifukia

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mwanangu wa kwanza acha kusimama hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita, vuta kiti ukae na mdogo wako, maana sauti yangu haifiki mbali siku hizi na sina nguvu ya kusema jambo mara mbili. Nina mengi ya kushukuru na machache ya kugawa.

Vyombo havina maneno. Cherehani ni ya kitindamimba wangu, kwa kuwa ndiye anayejua kuituliza inapogoma. Nyumba ni yenu nyote wawili, na paa la jikoni mlitazame kabla ya mvua. Linalobaki ni lile rundo la karatasi chini ya kitanda, hadithi yangu ya nchi inayoelea mawinguni, na hilo ndilo linalowafanya mkae mezani kwangu bila kutazamana.

Niliianza nikiwa msichana wa kiwandani, nyuma ya karatasi za kaki tulizochorea vipimo vya sare, na ilikuwa hadithi mbovu, nawaambieni ukweli, yenye mfalme asiyepiga chafya na majoka yasiyojulikana yanakula nini. Sura nzima ya vita ilikatwa na fundi mwenzangu, yule tuliyemwita Mkasi, akaitumia kupimia mikono ya mashati ya shule, nami nikalia chooni hadi kengele ya kurudi kazini. Kumbe kaniokoa, kwani mfalme alirudi nyumbani bila mtu kujua alishindaje, na kwa mara ya kwanza mimi mwenyewe nikatamani kujua kinachofuata. Mkasi akija kunizika, mwambieni nilimshukuru.

Na wewe, mwanangu wa kwanza, ulipoanza kazi ya mabomba nilikusomea, ukasikiliza weee, mwisho ukauliza, "Mama, huko juu maji wanayatoa wapi, na machafu yanamwagikia nani?" Nilikununia mchana kutwa. Halafu nikaona kwamba machafu yanawamwagikia watu wa chini, na hapo ndipo nchi yangu ikapata majirani, kesi na ugomvi, ikawa nchi kweli. Mfalme nikamvua taji nikampa kazi ya kutunza mifereji, nikamtilia mikoromo ya baba yenu na ile tabia yake ya kutafuta miwani akiwa ameivaa. Mnakumbuka alivyocheka alipojisoma? Akasema afadhali, taji lilikuwa linambana.

Kisha baba yenu akafa. Na ndani ya hadithi ilikuwamo ile chemchemi ya tangu rasimu ya kwanza, ambayo maiti akioshwa kwa maji yake anaamka. Nilimwamsha, mwanangu. Nilimwamsha mara nyingi kuliko unavyodhani, na kila alipoamka alisema maneno yangu, kwa sauti yangu, hakukoroma tena wala hakutafuta miwani. Huyo hakuwa mume wangu. Basi nikaifukia chemchemi, nikaandika upya kila mahali ilipotajwa, na kwenye mifereji nikamweka binti yake, afanye kazi kama alivyofundishwa na baba. Uliposikia, ukasema nimemzika baba yako mara ya pili na hutaisoma sura hiyo maisha yako, mdogo wako akakujibu vibaya kwa kunitetea, na tangu hapo mnasalimiana kama wapangaji. Sikukasirika. Nilijua unampenda.

Ngojeni nipumue kidogo.

Nimeishi vizuri, wanangu. Nilipata mume aliyeniwekea taa kila nilipoandika na watoto walioniuliza maswali ya kuudhi, na bila nyinyi ile nchi ingebaki mawingu matupu. Ahsanteni. Sasa sura ya mwisho haijaandikwa, naiacha kwenu wawili, si kwa mmoja. Kaka atasema maji yanapita wapi, dada ataandika, kwa kuwa mwandiko wa kaka anauweza mwenyewe tu. Mkibishana, bishaneni mkiwa mmekaa, na chai iwepo.

Humo yumo bibi kizee mshona matanga yanayoibeba nchi mawinguni. Mmeshamjua ni nani. Atakufa. Mikono itawawasha mkaichimbe ile chemchemi... msiichimbe. Msinirudishe. Mwacheni bibi alale, asubuhi binti wa mifereji afungue maji kama kawaida, watu wanawe uso.

Huu mkono wa nani? Wa kaka. Na huu... haya, shikaneni hivyo hivyo. Mungu awafungulie, awape maisha marefu, awape na watoto wabishi kama nyinyi.

Zitoeni karatasi. Hapana, si wewe, mama. Asome kaka yako.

Anza pale anapokufa baba yako. Taratibu, mwanangu... nasikia.