Nililoliacha Bila Kuandika

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe pia na sisi tuliochelewa kumsifu kwa sababu tulikuwa tukijisifu wenyewe.

Mimi ni Mama Wairimu, mjane, kutoka upande wa Tetu hapa Nyeri. Mume wangu alifariki tarehe 9 Agosti 1968, akaniachia mabinti wawili na shamba la mteremkoni. Mwaka 1970, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, niliingia darasa la watu wazima. Nilipita njiani na daftari kwapani, na Nyaguthii, mke wa ndugu wa marehemu mume wangu, akaniita mbele ya watu: "Mama Wairimu, ukifika darasa la saba utaolewa tena?" Wote walicheka. Nami nilicheka, lakini neno lile nililiweka moyoni. Nilisoma miaka miwili nikapata cheti, nikakitundika mahali ambapo mgeni angekiona kabla hajaketi.

Kwetu wanawake hulimiana kwa zamu; kazi hiyo tunaiita ngwatio. Kila Jumatano kikundi chote hulima shamba la mmoja wetu, na wiki inayofuata shamba la mwingine, hata mvua ya masika ikute udongo wote umepinduliwa. Mimi nilichaguliwa kuwa katibu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuandika. Sheria yetu ilikuwa kwamba mwanamke akikosa Jumatano tatu bila kumpa katibu habari, anapoteza zamu yake msimu huo. Niliishika sheria hiyo kwa ukali, na tarehe za makosa ya wenzangu nilizijua kuliko siku za kuzaliwa kwa watoto wangu.

Ndugu zangu, sikilizeni dhambi yangu. Jumatatu, tarehe 4 Februari 1974, Nyaguthii alinikuta kisimani akaniambia, "Katibu, mama yangu ni mgonjwa sana kule Kangari. Naenda kumuuguza. Uniandikie." Nikamjibu, "Nimesikia." Sikuandika. Aliporudi, nilisimama mbele ya kikundi Jumamosi, tarehe 23, nikazisoma siku alizokosa: tarehe 6, tarehe 13, tarehe 20. Akasema, "Lakini nilikuambia!" Nikafunua daftari nikasema, "Hapa hakuna." Nani angebishana na daftari? Shamba lake halikulimwa. Alipanda robo tu peke yake, na njaa ilipoingia nyumbani, binti yake mkubwa aliacha shule akaenda Mwea kupalilia mpunga wa watu.

Nami niliendelea kwenda kanisani, tena nikiketi mbele.

Kisha mkono wa Mungu ukanigusa. Jumanne, tarehe 2 Machi 1976, nikipanda kutoka mtoni na debe la maji, niliteleza nikavunjika mguu. Hospitalini walinifunga plasta kutoka pajani hadi kifundoni. Zamu yangu ilikuwa bado. Ningeweza kumtuma binti yangu akiambie kikundi, "Mama ameumia," na ningehesabiwa haki. Lakini nilimkataza. Sikutaka wanawake wale waingie waone kwamba tumeanza kula mahindi ya mbegu. Nilisema moyoni kwamba Mungu wa wajane ataniponya kabla hawajajua. Nikakosa tarehe 3, nikakosa tarehe 10, nikakosa tarehe 17. Mguu haukupona, na mawingu yalikuwa yamekwisha kufunika mlima.

Nilimlilia Mungu: "Kwa nini mimi? Nimekukosea nini?" Nikaagiza daftari, nijihesabie jinsi nilivyokuwa mwaminifu miaka yote. Nikalifungua kitandani, na mahali palipofunguka palikuwa pa Februari 1974. Niliona mwandiko wangu mzuri, ulionyooka, na uongo ndani yake. Ndugu zangu, sikusikia sauti wala sikuona maono. Nilijua tu kwamba Mungu alikuwa amenijibu. Nililia mpaka mabinti zangu wakadhani ni mguu.

Jumamosi, tarehe 20, nilijikokota kwa magongo hadi kwenye mkutano. Nilisema yote: kisima, "Nimesikia," na daftari. Nilirudisha daftari na kalamu. Mama mmoja mzee akaguna, "Kumbe hata kitabu kinaweza kusema uongo!" Nikageuka kwa Nyaguthii nikamwomba msamaha.

Akasema, "Nilijua. Miaka miwili nilijua. Leo siwezi kukupa mkono." Akaondoka.

Kikundi kikaamua kwamba sheria ni sheria, na zamu yangu imepotea. Nikasema, "Ni haki." Na hapo, ndugu zangu, kabla sijasaidiwa na mtu yeyote, mzigo ulianguka! Nilirudi nyumbani bila cheo, bila zamu, bila rafiki, lakini nikiwa na amani ambayo cheti hakikunipa. Nilimwambia Mungu, "Tukilala njaa, tutalala mikononi mwako."

Mvua ilianza Jumatatu. Mabinti walishika majembe kabla ya kwenda shule. Mimi niliketi juu ya gunia, mguu umenyooshwa mbele, nikachimba kwa panga pale mkono ulipofika, kisha nikajisogeza. Siku tatu hatukumaliza hata mistari kumi.

Alhamisi, tarehe 25, kivuli kilisimama juu yangu. Alikuwa Nyaguthii na jembe lake.

"Sogea," akasema. "Unachimba kama mtu aliyepoteza sindano."

Nikataka kuanza tena kuomba msamaha. Akanikatiza: "Wewe maneno umeshasoma ya kutosha. Mvua haingoji." Akalima hadi saa kumi, na kesho yake akaja na wengine wanne. Mahindi tuliyovuna yalitufikisha Desemba.

Sitawadanganya. Binti yake hakurudi shuleni. Mungu amenisamehe, na Nyaguthii amenisamehe, lakini mwaka ule wa mtoto sikuweza kuurudisha, na kila nikimwona binti huyo, mimi huinamisha kichwa. Wala mguu wangu haukupona vizuri. Namshukuru Mungu kwa yote mawili, kwa maana yananizuia nisirudi nilikotoka.

Wewe unayeteseka leo na kumwuliza Mungu kwa nini, mwamini, naye atakujibu. Huenda jibu lenyewe likakuaibisha. Usilikimbie. Nenda kwa uliyemkosea kabla hujapona, kabla hujashiba, kabla hujajua kama atakupokea. Mimi goti hili halikunjiki tena, huomba nikiwa nimesimama. Wewe ambaye lako bado linakunjika, lipige leo.