Mgonjwa Yule wa Busale

Kwenye benchi la Mzee Shehe, muuza kahawa wa karibu na stendi ya Kyela, hakuna ugonjwa usiokuwa na mtaalamu. Hezroni alilijua hilo, na bado asubuhi hiyo alijipeleka mwenyewe. Mshipa wake mkubwa, ule unaotoa damu kwenye moyo, ulikuwa umevimba, na daktari wa Dar es Salaam alimwambia usipotengenezwa utapasuka. Basi lilikuwa la kesho yake alfajiri. Hofu ilimshika hasa, lakini mwanaume wa kwao Ndandalo haogopi hadharani, kwa hiyo ugonjwa akamtwisha mtu mwingine.

— Kuna jamaa mmoja wa Busale, alianza huku akipuliza kahawa. Anapasuliwa mshipa mkuu. Eti wanamsimamisha moyo, wanampoza mwili mzima, ndipo wanashona.

— Wakisimamisha moyo si wameshaua? aliuliza Yakobo, aitwaye Katibu kwa kuwa hakuna msiba asiouundia kamati.

— Acha ushamba, Katibu! alidakia Gwamaka, mnunuzi wa kokoa aliyewahi kulazwa hospitalini wiki nzima, na tangu hapo anaitwa Profesa. Haraka haraka haina baraka. Moyo ukienda mbio, daktari atashonaje? Lazima usimame, upishe kazi.

— Na baridi ya nini? aliuliza Katibu.

— Hapo niachieni mimi, alisema Said Barafu, muuza samaki. Mbasa akitoka ziwani usipomtia barafu, jioni hauziki. Figo, ini, ubongo, vyote hivyo bila damu vinaoza. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi!

— Sasa mkunjo unaingiaje hapo? alihoji Profesa.

— Akishaganda hakunjiki. Ndiyo maana wanamnyoosha kitandani kwanza.

Wakacheka. Hezroni naye alicheka, huku akipuliza kahawa iliyokwishapoa.

— Na kumyeyusha? aliuliza Katibu.

Profesa akashusha sauti.

— Hapo ndipo penye kazi. Kuna mmoja aliyeyushwa haraka, miguu ikaamka kabla ya akili. Mnyakyusa wa Tukuyu yule, lakini hadi leo anaamkia watu kwa Kikisi, lugha ya watu wa pwani ya ziwa.

— Weee!

— Damu nzito kuliko maji, Katibu. Inapita kwenye mashine. Na jana mashine hiyo ilipitisha damu ya nani? Unarudi nyumbani na tabia za mwenzako, ndizi huzitaki tena.

— Basi huyo wa Busale abaki kwake, aliamua Katibu. Angalau huku kamati ipo tayari.

Hezroni aliweka kikombe chini. Kule kwa daktari alielewa vizuri: mashine itashika kazi ya moyo, mwili ukipoa viungo havidai damu nyingi, na ubongo utaletewa yake kwa njia ya pembeni. Alielewa kwa sababu ni mkulima wa mpunga. Ukiziba mfereji mkubwa ili utengeneze tuta, kitalu unakimwagilia kwa ndoo, miche isife. Hapa kijiweni ndoo hiyo ilikuwa imemtoka kichwani kabisa, na alishaanza kufikiria kutosafiri.

— Ila tusimwache, alisema Profesa. Mtu ni watu. Akitaka hata damu, mimi namtolea debe zima.

— Mimi mawili! alipaza sauti Barafu.

Hapo akatokea Prisca, mke wa Hezroni, begi la safari mkononi.

— Mugonile, aliwasalimu.

— Ena, ugonile, shemeji, waliitikia.

— Baba Anyosisye, alimwambia mumewe, hospitali wamepiga tena. Wanataka watu wa kukuchangia damu kabla hujapasuliwa. Si ulisema unakuja kuwaomba wenzako? Haya, kesho tunapanda basi na nani?

Profesa aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea. Katibu alikohoa, akakohoa tena.

— Kumbe... yule wa Busale...

— Ni mimi, alisema Hezroni.

Mzee Shehe aliinamisha birika juu ya kikombe cha Profesa. Hakikutoka kitu.

— Kahawa imekwisha, alisema, na hakuna aliyelalamika.

Barafu, ambaye mdomo wake haukuwa umepumzika tangu asubuhi, alivua kofia akaikunjakunja mapajani.

— Shemeji, aliuliza taratibu. Hivi sindano ya kutolea damu ni kubwa sana?

Hezroni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe hakuwa mwoga peke yake.

— Twende tukaione, Barafu, alisema. Na mimi naiogopa.