Mama Coleta Sikazwe na Wageni wa Msanzi

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi katika ustawi wa jamii, Mama Coleta Sikazwe anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 11 Desemba 1998. Aliajiriwa Sumbawanga, akapandishwa cheo Sumbawanga, na uhamisho wa kwenda Dodoma aliukataa mara mbili kwa maelezo kwamba huko hakuna baridi ya kutosha.

Kazi yake kubwa ilikuwa mashauri ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake. Mama Coleta aliieleza ofisini kwa Kiswahili na vijijini kwa Kifipa, hata kwenye vilabu vya pombe, ambako wanaume walimwomba aketi kwanza apoze koo. Aliketi. Akimaliza kikombe, aliendelea na kifungu kinachofuata.

Hakuanza akiwa hodari. Mwaka 1987 alikwenda Pito na Land Rover ya ofisi kumchukua mwanamke aliyekuwa akipigwa, mume akiwa shambani. Gari lilipozimwa tu, wazee wakatoka. Mfipa aliyelelewa vizuri hampiti mzee bila kumsalimia, na Mama Coleta alilelewa vizuri mno. Shikamoo ya kwanza ilizaa habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Salamu zilipokwisha, mume alikuwa amesimama mlangoni. Gari lilirudi tupu. Mwanamke yule alitoroka baadaye kwa miguu, mkono umevunjika. Tangu hapo Mama Coleta hakupeleka tena gari mlangoni kwa mtu.

Desemba 1993 ilikuja zamu ya Agnesi wa Msanzi. Mumewe, Flavian, alikuwa akimpiga, na alikuwa ameapa kwamba mkewe akiondoka na watoto wao wawili, Kristiana na mdogo wake, hatafika barabarani akiwa hai. Mama Coleta alimwelekeza Agnesi apike pombe ya ulezi na kuitisha msaragambo, majirani waje kumlimia shamba kama desturi ilivyo. Flavian alifurahi. Nani hukataa kulimiwa?

Wanawake walikuja na majembe, wakiimba. Mmoja wao alikuwa Koplo Lucia wa polisi, kajifunga kanga, na walioshuhudia wanasema alilima kuliko wenyeji. Flavian alikaa na wenzake penye chungu akisifu: "Mama Kristiana, wageni wako wanajua kazi!" Jua lilipoanza kuteremka, wanawake wakabeba majembe. Agnesi akasitasita mlangoni. Mume akamkaripia mwenyewe: "Wasindikize wageni, bwana! Utatuaibisha."

Akawasindikiza, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono. Aliwasindikiza hadi barabara ya Matai, ambako dereva wetu Nestory alikuwa akisubiri, na kutoka hapo hadi Sumbawanga. Siku hiyohiyo alipata polisi PF3, fomu ya matibabu ya aliyejeruhiwa, na kutibiwa hospitali.

Kwenye baraza la usuluhishi Flavian alilalamika kwamba alilaghaiwa. Mwenyekiti, Mzee Felisian, alitaka kujua kama shamba lililimwa.

"Lililimwa, mzee."

"Vizuri?"

"Vizuri, shikamoo mzee."

"Na nani alimtuma mkeo kusindikiza wageni?"

Baraza lilicheka, kisha likathibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Mahakama ilitoa talaka, ikamkabidhi Agnesi watoto, ikagawa mali walizochuma pamoja, na kumzuia Flavian kumsogelea. Alijaribu mara moja. Koplo Lucia alimpokea, safari hii akiwa na sare.

Leo Agnesi anauza mitumba sokoni, na sauti yake ya kuitia wateja inasikika hadi ofisini kwetu. Njia ya msaragambo ilitumika tena Muze na kwingineko. Tunaiandika sasa kwa sababu wanaume wa Ufipa wameshaishtukia: siku hizi mume akisikia wanawake wanakuja kulima, husindikiza wageni mwenyewe. Mama Coleta alishabuni nyingine. Hiyo hatuiandiki.

Mama Coleta, tunakushukuru kwa kazi, kwa sheria uliyotufundisha na kwa chai yako yenye tangawizi nyingi kupita kiasi. Mvua ikunyeshee kwa kiasi, na mahindi ya shamba lako la Pito, unakokwenda kustaafia, yakuzidi kimo.

Palizi usiiwazie. Kesho Jumamosi Agnesi na wanawake wa Msanzi wanakuja Pito na majembe. Watalima, watakunywa, na utawasindikiza hadi barabarani. Kisha utarudi nyumbani kwako, ukapumzike.