Wasifu wa Kaka Yetu Fundi Midomo, Mjenzi wa Vizimba vya Magari ya Mashindano

Marehemu kaka yetu, ambaye wateja walimwita Fundi Midomo, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mimi ni kitinda mimba, tumepishana miaka kumi na mmoja. Familia imeniomba nisome wasifu huu kwa kuwa nilifanya naye kazi miaka ishirini. Najua wengi wenu mnajua jambo moja tu juu yake, kwamba kiungo cha kizimba chake kiliachia na dereva akafa. Nitalifikia. Sitaliruka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974. Siku moja mwalimu wa hesabu alimkuta amezungushia karatasi ya daftari kwenye mguu wa kiti cha bomba, anaikata kwa wembe. Alipoulizwa, alijibu kwamba anataka kujua mguu mmoja ungekatwaje ili ukae juu ya mwingine bila kuacha nafasi. Alichapwa kwa ajili ya wembe, lakini kile kikaratasi mwalimu alikihifadhi mezani kwake. Mwaka 1979 alihitimu chuo cha ufundi na kupata cheti cha uchomeleaji.

Alianza kazi mwaka 1980 katika gereji ya mabasi, na mwaka 1992 akafungua karakana yake. Huko alijenga vizimba vya mabomba vinavyofungwa ndani ya magari ya mashindano ili gari likipinduka paa lisimwangukie dereva. Penye kiungo, ncha ya bomba hukatwa mbonyeo wa kukumbatia bomba jingine. Mafundi huuita mdomo, na ndiko lilikotoka jina lake, maana kwa maneno alikuwa bahili kupindukia. Alianza na msumeno wa kikombe, wenye meno ya duara, unaofungwa kwenye drili. Hakuudharau. Alisema kwa bomba jembamba na pembe nyepesi unatosha, mradi drili iende polepole na mafuta yasikauke. Ila bushi zake, zile pete zinazoshika shafti yake, zikilika, shafti hucheza na mdomo hutoka mpana upande mmoja. Kwa hiyo alijinyima hadi akanunua mashine nzito inayolibana bomba lisitikisike. Akikuona una haraka, alikwenda kuzima swichi kubwa ya umeme, akarudi kuketi. Na kabla ya kuchomelea aliingiza tochi ndani ya bomba. Mwanga ukichungulia kwenye kiungo, bomba lilitupwa na kazi ikaanza upya. Pengo halijazwi kwa waya wa kuchomelea. Hilo ndilo pekee alilotufundisha kwa ukali.

Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani. Walijuana kwa suruali. Aliipeleka kuzibwa matundu ya cheche mara mbili, na mara ya tatu shemeji akaona tundu limekatwa kwa mkasi. Alimwambia kama ana neno aseme, asiharibu nguo nzima. Walijaliwa binti wawili.

Mliochukua karatasi mlangoni, yanayofuata hamtayaona humo. Niliyopeleka kwa mchapaji yalikuwa mengine.

Ijumaa tarehe 5 Juni 2015 kaka alikwenda kwenye mahafali ya binti yake mdogo. Gari lilitakiwa kukaguliwa kesho yake asubuhi, na lilibaki bomba moja la mshazari, lile la nyuma ya kiti cha dereva. Mashine nzito ilikuwa imefungwa kwa pembe nyingine, na kuifungua na kuipima upya ni kazi ya saa nzima. Niliona uvivu. Nikachukua msumeno wa kikombe aliokuwa ameutundika ukisubiri bushi mpya. Mdomo ulitoka mbovu, ungeweza kupitisha sarafu. Nilijaza pengo kwa waya, nikasaga pakawa laini, nikapaka rangi. Aliporudi aliuliza kama nimetia tochi. Nikasema nimetia. Aliniamini, kwa sababu katika miaka ishirini sikuwahi kumdanganya juu ya kazi.

Jumapili tarehe 7 Juni gari lilipinduka kwenye kona ya tatu. Bomba lile liling'oka. Dereva alikuwa na miaka ishirini na sita.

Wakaguzi walipolileta bomba, kaka alilitazama mara moja tu. Aliijua kazi ya mkono wangu kama alivyoijua sura yangu. Akawaambia, "Hii nimekata mimi." Nje nilimshika shati. Akaniambia, "Watoto wako bado wanasoma. Wangu wameshakua. Nyamaza."

Nikanyamaza. Alinyang'anywa kibali, kibao cha karakana kikashushwa, akabaki kuchomelea vitanda na nondo za madirisha. Watu walivuka barabara wasimpe mkono. Katika posa ya binti yake mkubwa alikaa chumba cha nyuma ili wakwe wasimwone. Shemeji, hata wewe hukuambiwa. Ulimuuliza ilikuwaje yeye, mtu wa tochi, afanye vile, naye akainamisha kichwa. Ulimlaumu bure, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nikinywa chai yako.

Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kushindwa. Desemba iliyopita, wodini, nilimwambia nakwenda kwa mama wa dereva kusema kweli. Alivua kinyago cha hewa akasema, "Ukisema leo, miaka yote hii nimeikaa ya nini?" Nikakubali haraka. Nilifurahi kukatazwa, na furaha ile ndiyo inayonitafuna. Alifariki Alhamisi tarehe 18 Januari 2024, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili. Mlinzi wa wodi aliniuliza kama marehemu ndiye yule fundi aliyeua mtu. Nikaitikia ndiyo. Maiti ya kaka yangu ilikuwa bado ina joto.

Leo nimesema, na kwa kusema nimeiharibu zawadi yake. Nisingesema, ningemzika na jina langu chafu juu yake. Sioni njia ya tatu.

Marehemu ameacha mjane, binti wawili, wajukuu watatu, dada wawili, na mdogo wake mmoja aliyelikata bomba lile. Alale kwa amani, yeye aliye na haki nayo. Mama wa dereva umekaa mstari wa tatu, nimekuona. Mimi sitoki hapa mpaka uamue la kunifanya.