Legeza Kwanza, Nyanyua Baadaye

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi pikipiki aliyetutoka wiki hii. Jina lake la kuzaliwa wengi hamlijui. Nyinyi mlimwita Legeza Kwanza.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukifika gereji kwake unataka kutoa gurudumu la mbele, hata salamu hujamaliza, anakuuliza: "Umelegeza kwanza?" Maana yake, nati ngumu ilegezwe pikipiki ikiwa bado imekanyaga chini kwa matairi yote mawili. Ndipo uinyanyue. Stendi ya kati, sakafu ngumu, gogo chini ya injini, na nyuma ifungwe kamba isije ikainama. Legeza kwanza, nyanyua baadaye. Watu walimcheka. Walisema huyu hata akienda kulala huweka gogo chini ya kitanda.

Uangalifu ule ulikuwa na chanzo, wasikilizaji wapendwa. Chanzo chake ni aibu.

Mkewe ni fundi cherehani. Mnamfahamu, yule mama ambaye vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Mtaa mzima unajua kwamba vilibanwa na geti. Mtaa mzima ulidanganywa.

Siku ile fundi alikuwa kijana, ameoa juzijuzi tu. Alitaka kubadilisha beringi za gurudumu la mbele hapo uani, haraka haraka, awahi kazini. Gogo lilikuwa gereji. Akachukua kreti tupu la soda, akalisukumia chini ya injini. Akamwita mkewe, akamtoa kwenye cherehani. "Nishikie keria hapo nyuma. Dakika moja tu." Ndipo akakumbuka kwamba nati hajailegeza. Akatia spana, akaining'inia kwa uzito wake wote. Kreti likateleza. Pikipiki ikalalia ukuta, na mkono wa mkewe ulikuwa katikati.

Jirani akaja mbio akiuliza kulikoni. Fundi, mikono imejaa grisi, akajibu: "Ni geti. Limembana." Mkewe alimtazama. Akauzungushia kanga mkono ule.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu, na aliitembea kichwa chini. Akisifiwa kwa uangalifu, aliinamia injini kama mtu aliyedondosha kitu. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, alimtungia mkewe uzi kwenye sindano, maana vidole vile havikuweza tena. Radhi hakuomba.

"Aliona haya hata kuutazama huu mkono," anasema mjane. "Kusamehe nilimsamehe kitambo. Nilichongoja ni aseme yeye."

Alisema mwaka jana. Mkwe wake, mume wa binti yao, alikuja kutoa tairi la mbele pale pale uani. Akatia kreti chini ya injini. Akasema kwa adabu zote: "Mama, samahani, nishikie hapo nyuma kidogo."

Binti anasimulia: "Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti. Siku ile alipiga kelele mpaka mume wangu akaangusha spana. Alisema, 'Mwache mama yako. Mkono ule niliuharibu mimi. Halikuwa geti.' Kisha akakaa chini akalia. Mbele ya mkwe, jamani. Sikujua niangalie wapi."

Ndani ya nyumba ukweli ukawa umetoka. Mtaani bado lilikuwa geti. Wiki iliyopita fundi akamwambia mkewe: "Nitakwenda redioni niseme mara moja, wasikie wote." Alikuwa ameshapiga pasi shati la kuja nalo. Maradhi ya moyo yakamtangulia, akazikwa nalo.

Tunampa pole mjane, binti na mkwe wao. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikiliza, jiulize kama hapo nyumbani kuna mtu anayebeba uongo wako, amenyamaza kwa heshima yako. Kama yupo, mtue mzigo huo ungali na pumzi.

Nilipomuuliza mama angependa niseme nini leo, aliuweka ule mkono juu ya meza. "Sema alichotaka kusema yeye," akaniambia.

Basi nasema kwa niaba yake, majirani wote msikie. Halikuwa geti.