Veneranda Ombeni, Aliyelitafuta Ua la Rombo (1964–2025)

Marehemu Veneranda Ombeni alizaliwa tarehe 3 Machi 1964 huko Mkuu, Rombo, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ombeni na Mama Huruma. Mbele ya nyumba yao, kati ya migomba na mlango, mama yake alikuwa na tuta la maua ya dalia, yote ya rangi moja. Marehemu alipenda kusema kwamba alijifunza kutembea kwa kushika vijiti vilivyoegemeza maua hayo. Aliagiza wasifu wake uwe mfupi kwa sababu watu watakuwa juani. Tutajitahidi, ingawa yeye mwenyewe akianza kuzungumzia maua hakuwa na habari na jua wala mvua.

Alisoma shule ya msingi huko huko Rombo kuanzia mwaka 1972 hadi 1978. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na hakuficha kwamba jambo hilo lilimuuma. Mwaka 1980 na 1981 alifundishwa ushonaji na masista, akatoka fundi kamili.

Mwaka 1986 alimfuata Nyamongo kaka yake, Chrispin, aliyekuwa akichimba dhahabu. Kaka alitafuta dhahabu, dada akaweka cherehani. Alishona suruali za wachimbaji na sare za wanafunzi, na wapo hapa leo waliovaa suruali zake mpaka magoti yakatoboka huku mishono ikiwa mizima. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na saba, kwanza Nyamongo, kisha hapa nyumbani Nyamwaga.

Kaka yetu Waitara Nchagwa alimfahamu kwa kupeleka suruali ikapunguzwe. Aliirudisha ipunguzwe tena, na tena, mpaka ikawa kaptula. Marehemu akamwambia, "Sasa sema ulichokuja kusema, maana kitambaa kimekwisha." Ndoa yao ilifungwa Jumamosi, tarehe 22 Oktoba 1988.

Kabla ya ndoa alikwenda kwao kuaga. Mama yake alichimbua tuta zima, akapanga viazi vya dalia kwenye kikapu, akavifunika kwa majani makavu ya mgomba. "Nimekutolea yote," alimwambia. "Mimi nguvu za kupalilia sina tena. Ukiyaona yamechanua, ujue nimekuja kukutembelea."

Hapa kwetu anachokuja nacho bibi harusi huingia jikoni kwa mama mkwe, na haulizwi. Kiazi cha dalia ukikitazama haraka ni kiazi kitamu. Mama yetu, Wegesa, alifurahi sana kuona wakwe wa mbali wameleta chakula, akavichemsha vyote vipewe wageni wa heshima. Aliyechochea moto ni huyu anayewasomea, Philomena, wifi yake, nikiwa na miaka kumi na miwili. Wageni walitafuna polepole wakitazamana. Mama alimaliza sahani yake kwa adabu, akasema, "Viazi vya kwenu vinataka kuzoewa, lakini tumeshukuru." Bibi harusi naye aliletewa vyake. Alivila, akashukuru.

Februari 1990 mama yake alifariki. Alipofika Rombo, marehemu alikuta pale penye tuta shina moja tu, lililojiotea kutoka kwenye kipande kilichosahaulika. Mbuzi walikuwa wamelifukua mpaka kwenye mizizi, wakala na kiazi. Ua lilikuwa limekauka juu yake, lina mbegu. Alizifunga kwenye leso akarudi nazo.

Dalia ina tabia ambayo marehemu hakuijua siku hiyo. Kiazi hurudisha ua lile lile kila mwaka, lakini mbegu huzaa rangi inayojitakia. Ile leso ilitoa miche kumi na mmoja. Ikachanua maua ya njano, ya chungwa, mekundu ya kung'aa. La mama yake halikuwemo.

Kiangazi kilipofika alichimbua viazi ili avihifadhi. Mama yetu akapita, akaviona, akakaa chini palepale kwenye udongo.

"Mwanangu, hivi ndivyo nilivyopika?"

"Ndivyo, mama."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshakula, na ukashukuru."

Mama alilia. Wanaomkumbuka Wegesa wanajua kwamba hakuwa mtu wa kulia ovyo. Kesho yake alimpa marehemu shamba lake la wimbi, lile lililo karibu na zizi lenye samadi nyingi, akasema hapo pasilimwe chakula tena mpaka ua la Rombo lirudi. Majirani walisema mzee amechanganyikiwa. Yeye alikaa pale na fimbo kuzuia ng'ombe, mpaka mwaka 2004 alipotutoka, na siku za mwisho alikuwa bado akiuliza, "Limetoka?"

Kwa miaka thelathini na mitano marehemu alipanda mbegu kila mvua zilipoanza. Kila tumba lilipofunguka alikwenda asubuhi na mapema, akainama, akalitazama, akaliambia: "Si wewe. Lakini karibu." Hakung'oa hata moja kwa kosa la kutokuwa lile alilolitaka. Ndiyo maana shamba la wimbi likawa hivi mnavyoliona. Yapo madogo ya mduara yaliyopangika kama sega la asali, na mengine yenye ncha kali za kuchomoza pande zote. Jekundu lililokolea mpaka kuwa jeusi, kubwa kama sahani, zito hata shina halilibebi bila mti wa kuegemea, alilipa jina la Mama Wegesa. Lile jembamba lililosimama wima aliliita Mwalimu Heche, na mwalimu, aliyepo hapa, hajawahi kulalamika. Lenye nusu nyekundu na nusu nyeupe aliliita Sirari, kama mji wetu wa mpakani, kwa sababu lilishindwa kuamua liwe upande gani. Altare ya kigango chetu haikukosa maua. Viazi vyake vimefika Susuni, na vimefika Mbalibali alikoolewa binti yake Lilian. Watu walimwita tajiri wa maua. Alitabasamu, lakini sisi wa nyumbani tulijua kwamba uzuri wote ule ulikuwa wa maua yaliyokuja badala ya moja.

Rangi ya hilo moja alitueleza mara nyingi. Nyeupe, lakini ndani imeguswa na wekundu. Mama Wegesa alielewa kwa njia yake: "Kama maziwa yaliyotiwa damu." Marehemu akasema hapana, hafifu zaidi ya hapo. Juzi nilimuuliza shemeji Chrispin, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyeliona. Alifikiri sana, akasema anawakumbuka mbuzi.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa Tarime na baadaye Mwanza, na tunawashukuru wauguzi wote. Septemba mwaka huu hakuweza tena kushika jembe, hivyo Lilian alipanda na yeye akaelekeza akiwa kitini. Jumamosi tarehe 13 Desemba alituomba tumpeleke shambani. Kulikuwa na mche mmoja ambao tumba lake lilikuwa limeanza kuachia kidogo tu kwenye ncha. Alilitazama muda mrefu, kisha akaniambia, "Hili sijui, wifi. Likifunguka mniite." Alifariki Jumapili tarehe 14 Desemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Marehemu ameacha mume, Waitara, watoto watatu, Daudi, Lilian na Werema, wajukuu watano, kaka, Chrispin, na wifi mmoja ambaye hajui ataongea na nani asubuhi.

Leo asubuhi kabla hamjafika nilipita shambani. Tumba bado halijafunguka. Labda kesho, labda keshokutwa. Kaburi liko hatua chache kutoka pale, kwa hiyo tutakuita, wifi, kama ulivyoagiza. Kama ndilo au si lenyewe, hapa hakuna tena anayeweza kusema. Tutaliambia karibu.

Pumzika kwa amani, Veneranda, na umsalimie mama.