Bi Falesi Chimbalanga, Aliyeomba Azikwe Asubuhi Watu Wawahi Kupanda

Ndugu, majirani na nyote mliofika hapa mkiwa mmelowa, haya ndiyo maisha ya Bi Falesi kwa ufupi. Angekuwepo, angetaka yafupishwe zaidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Kanyezi, wilaya ya Dedza, akiwa mtoto wa tatu wa Bi Zelifa na Mzee Yohane Chimbalanga. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tano. Shule hakuipenda, na hapa si mahali pa kudanganya. Mvua ikianza, mwalimu aliyemtafuta alimkuta nyuma ya nyumba yao akifukia mbegu za maboga bustanini.

Bustani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya maisha. Novemba alipanda mahindi, maharage na maboga kwenye tuta moja. Aprili alivuna, akachagua mahindi mazuri ya mbegu na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jikoni. Kiangazi alishuka bondeni kwenye unyevu, akamwagilia nyanya na vitunguu asubuhi na jioni. Mbuzi wa jirani waliijua sauti yake, na wenye mbuzi vilevile.

Tarehe 6 Agosti 1967 alifunga ndoa na Bwana Simoni Gwaza, fundi cherehani kutoka Balaka, ambaye alihamia kwa wakwe kama ilivyo desturi yetu. Mkwe mgeni hutazamwa jembe lake, naye alilijua hilo. Oktoba ile mvua iliponyesha usiku, alidamka akapanda bustani nzima kabla wakwe hawajaamka. Mkewe alimkuta akijifuta jasho, akamwambia, "Mume wangu, mvua hii imekuja kuzima majivu ya mioto ya porini tu. Ya kupandia bado." Mahindi yalichomoza, yakakauka yote. Bi Zelifa alifunua chungu chake cha mbegu akampa nyingine. Bwana Simoni alikisimulia kisa hicho mwenyewe, akicheka, hadi alipofariki mwaka 2006.

Desemba 1979 Bi Zelifa alifariki katikati ya msimu. Maiti ikiwa kijijini, kwetu jembe haligusi ardhi. Ndugu wa mbali wakangojewa, mvua nzuri ikapita, na jua lililofuata halikuwa la mchezo. Mwaka uliofuata watu walikula pumba, na Lidia, kitinda mimba wa Bi Falesi, akafa. Marehemu hakulizungumza sana jambo hilo, lakini lilimkaa rohoni mpaka mwisho.

Septemba mwaka huu alianza kuvimba miguu, akalazwa kwa ugonjwa wa moyo, kisha akarudishwa nyumbani. Alipoona mawingu yanakusanyika alimwita mdogo wake, Bwana Hezekia, ambaye ndiye mjomba msimamizi wa ukoo wetu. Alimwambia, "Nikifa mvua ikiwa imeanza, nizike asubuhi. Mchana watu wakapande."

Mjomba alikataa. "Dada, watasema tumekutupa. Na Dikisoni je, asimzike mama yake?"

Dikisoni ni kifungua mimba, anafanya kazi Johannesburg, na safari ya basi si ya siku moja.

"Mimi sitakula tena, Hezekia. Hawa watoto watakula nini?"

Mjomba aliinuka akaondoka.

Marehemu alifariki jioni ya Jumanne, tarehe 26 Novemba 2019. Mvua ya kupandia ilikuwa imeanza alfajiri ya siku hiyohiyo. Majembe yote yakawekwa chini, na Mjomba akatangaza kwamba mazishi yatangoja hadi Jumamosi. Ndipo akampigia Dikisoni simu, akamweleza yote, pamoja na ombi alilolikataa. Dikisoni alilia sana. Mjomba alishika simu akamngoja, naye mwenyewe akilia.

"Mjomba," Dikisoni alisema hatimaye, "mzike kesho asubuhi, kama alivyotaka. Mimi nitakuja kupalilia."

Ameacha mdogo wake, Bwana Hezekia. Watoto watatu, Dikisoni, Estele na Matilina. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Tulimpenda, na tutamkosa.

Chifu ameruhusu majembe mara tu kaburi litakapofunikwa. Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani. Nanyi msikawie hapa.